Mama Mkwe Hana Breki: Nati ya Kinyume

Tulimwacha Kobe hewani.

Najua, najua. Wiki nzima ni muda mrefu kumning'iniza mzee wa watu kati ya tandiko na saruji, hasa mzee mwenye magoti kama yale. Haya, tumteremshe.

Lakini kwa aliyeazima gazeti leo, maneno mawili. Baiskeli yenyewe ni ya mbio za uwanjani, ya zamani, ya chuma chembamba cheusi chenye mistari ya dhahabu. Haina breki. Haina hata ile raha ndogo ya kuacha kukanyaga ukateleza na upepo. Tairi la nyuma na pedali ni kitu kimoja: tairi likizunguka pedali zinazunguka, na miguu yako nayo, utake usitake. Ukitaka kupunguza mwendo unabana miguu, unazikatalia pedali. Basi.

Fundi Mkubwa aliyeiunda aliiita Mama Mkwe. Alipoulizwa sababu alijibu, "Mbele yake hakuna kupumzika."

Fundi Mkubwa alipofariki aliacha Mama Mkwe mmoja na wanaume wawili wanaomtaka: Kobe, aliyemwoa binti yake, na Kiberiti, mwanawe wa kumzaa. Wakapatana wamalize maneno uwanjani, ana kwa ana, mikondo mitatu. Atakayeshindwa asiitaje tena baiskeli ile. Kobe, juu ya Mama Mkwe, alichukua mkondo wa kwanza. Kiberiti, juu ya baiskeli yake ya aina ile ile, nayo bila breki, akachukua wa pili.

Na katika wa tatu, Kobe alikuwa juu kabisa ya kona, pale saruji inapoinuka kama ukuta, amesimamisha baiskeli tuli.

Msishangae. Mbio hizi za wawili zina wazimu wake. Wa mbele hukata upepo, wa nyuma hujificha mgongoni kwake akimvizia, kwa hiyo hakuna anayetaka kuwa wa mbele. Watu huja kuona mbio, wakaonyeshwa wazee wawili wanaoshindana kusimama. Hapo ndipo Kobe alipopatia jina lake. Ujana wake wote alishinda kwa kusubiri.

Akabana miguu kidogo, asiteleze.

Miguu haikubana kitu.

Ilikuwa kama kushuka ngazi gizani ukakanyaga kidato ambacho hakipo. Pedali zikarudi nyuma zenyewe, laini, kama zimepakwa mafuta, na Kobe akaenda kwa ubavu.

Paa!

Akaburuzika kona nzima mpaka kwenye nyasi, bega mbele, heshima nyuma.

Kobe alilala akitazama mawingu. Kwa kweli palikuwa pazuri pale. Mtu wa umri wake hapati nafasi nyingi za kulala mchana bila kuulizwa. Kama wangemwachia na mto, asingeamka.

Kisha akakumbuka kukasirika.

Alijivuta mpaka ilipoanguka baiskeli, akashika gia ya nyuma kwa vidole. Ilicheza kama jino la mtoto.

"Imelegezwa!" akapiga kelele. "Imelegezwa hii! Wewe bwana, umeichezea baiskeli!"

Kiberiti alikuwa ameshashuka yake na anakuja mbio. Akasimama ghafla.

"Nani? Mimi?"

"Wewe, bwana."

Litazameni hilo "bwana". Tangu mazishi ya Fundi Mkubwa, hawa wawili hawakuitana shemeji tena. Waliitana "bwana", kwa baridi, kama watu waliogongana mlangoni mwa ofisi.

"Bila shaka ni mimi!" Kiberiti akawaka, maana hilo jina hakulipata kwa kuuza sigara. "Kila kikianguka kitu nyumbani kwenu ni mimi. Paa likivuja, Kiberiti. Paka akizaa, Kiberiti!"

"Mwalimu!" Kobe akamgeukia mwamuzi, mwalimu mstaafu aliyekwisha kustaafu kila kitu isipokuwa filimbi. "Mwalimu, nisikilize. Nati zote ukizungusha kulia zinakaza. Si kweli?"

"Kweli."

"Nati inayoshika gia hii imekatwa kinyume, ili mtu akibana miguu gia isijifungue. Kuikaza ni kushoto. Ukienda kulia unailegeza. Marehemu alitufundisha watu wawili tu siri hiyo. Mmoja mimi, na mimi nimelala hapa kama gunia. Wa pili nani?"

Mwamuzi akamtazama Kiberiti. Jukwaa zima likamtazama Kiberiti. Sauti moja huko juu ikasema, "Kikulacho ki nguoni mwako!" na watu wakaguna.

"Lete hapa!" Kiberiti akafoka. "Lete tuone mbele ya watu!"

Akapiga magoti, akalifungua tairi la nyuma kwa spana yake mwenyewe, akalitoa. Nati ikaanguka kiganjani mwake: duara jembamba la chuma, lenye mapengo pembeni. Akaigeuza juani.

Akaisogeza karibu na macho.

Kobe alimwona akiondoa kitu kwenye pengo moja, kitu kidogo sana, akakifinyanga kati ya vidole. Alidhani ni uchafu. Angekuwa hajachoka kiasi kile, angetazama mara mbili.

"Bwana?" mwamuzi akauliza.

Kiberiti akainuka polepole. Moto wote ulikuwa umemtoka, kama mtu amempulizia usoni.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Nililegeza mimi. Andika hivyo. Baiskeli ichukue huyu bwana, mimi simo tena."

Akaitia nati mfukoni. Akageuka, akaenda chumba cha mwamuzi kutoa maelezo yake, na zomea zomea ikamfuata mgongoni mpaka mlangoni.

Hivyo ndivyo Kobe alivyoshinda. Kwa miaka alikuwa akiyasubiri maneno hayo, "ichukue huyu bwana". Alikuwa ameshayapangia na jibu. Sasa yamekuja, na kitu pekee alichokitaka duniani kilikuwa kiti.

*

Kiti hakikuwepo. Chumba cha huduma ya kwanza kilikuwa na kitanda chenye ngozi iliyopasuka, kabati lisilofunga, na nesi asiyetaka mzaha.

"Vua shati."

"Bega haliinuki."

"Lilipoinuka kumnyooshea mwenzio kidole lilikuwa zima. Vua."

Spiriti iliposhika mchubuko, Kobe aliona nyota zote, hata zile zinazotoka alfajiri.

Kupitia dirishani alimwona mwamuzi, aliyekwisha kumhoji Kiberiti, akilirudisha tairi la Mama Mkwe mahali pake na kuifuta fremu kwa leso. Ilitakiwa picha ya mshindi na baiskeli yake. Mshindi alikuwa amevaa kaptura iliyochanika matakoni, lakini picha zitakata hapo.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Akaingia mkewe.

Mke wa Kobe ni fundi cherehani. Alikuwa na futi ya kupimia shingoni, pini ukosini, na nyuzi. Hasa nyuzi. Mwanamke huyo huacha uzi kila anapopita kama konokono anavyoacha ute. Kobe amevuta nyuzi kwenye chai yake, kwenye mswaki, na siku moja kwenye sikio.

"Yuko hai?" akamuuliza nesi.

"Analalamika."

"Basi yuko hai." Akakaa ukingoni mwa kitanda, akampapasa mumewe kichwa kama anayekagua tikiti. "Baba, nilikuambia. Nilikuambia mbio za uzeeni ni kumtafuta daktari kwa baiskeli."

"Nimeshinda, mama."

"Nimeona ulivyoshinda. Kwa bega."

"Kakako amekiri. Ameichezea baiskeli ya baba yenu ili nianguke. Kakako wa tumbo moja."

Mkewe akatikisa kichwa. "Haiwezekani."

"Amesema mwenyewe, mbele ya watu wote."

"Kaka akikasirika anavunja sahani. Halegezi nati. Hana subira hiyo." Akakunja uso. "Halafu, Baba, nati ipi? Nilikuwa nahangaika kushuka jukwaani, sikusikia neno."

"Ile ya nyuma, inayoshika gia."

"Ile duara? Yenye mapengo pembeni?"

"Hiyo."

"Sasa hapo ndipo mnaponichanganya," mkewe akasema. "Ile mbona niliikaza mimi mwenyewe jana?"

Nesi aliacha kufunga bandeji.

Kobe akajisikia baridi ikitambaa, na haikuwa spiriti.

"Uliikaza."

"Nilikuwa naifuta vumbi. Baiskeli ya baba yangu, itoke mbele za watu na vumbi? Nikaigusa, nikaona kama inacheza. Nikachukua bisibisi na nyundo ndogo ya cherehani, nikagonga. Ilikuwa ngumu! Nikagonga tena, mpaka ikasogea. Nikasema, haya, sasa mume wangu yuko salama."

"Mama." Kobe akamgeukia. "Uligonga kuelekea wapi?"

"Unaulizaje? Kulia. Kukaza si kulia?"

Basi, wapendwa, hapo ndipo ilipokuwa akili yote ya Kobe, na hapo ndipo ilipoanguka. Alikuwa amesema mbele ya uwanja kwamba ni mjuzi peke yake awezaye kuilegeza nati ile. Kumbe mjuzi asingeigusa. Ni asiyejua tu, mwenye mapenzi na nyundo, ambaye angeilegeza kwa kuikaza. Na kila Kobe alipobana miguu tangu asubuhi, mkondo wa kwanza, mkondo wa pili, gia ilizidi kujifungua mdogo mdogo, bila haraka, kama yeye mwenyewe.

"Ile inakazwa kushoto," akasema. "Ndiyo nati pekee. Kulia inafunguka."

Mikono ya mkewe ikaanza kutafuta kazi, ikakuta futi, ikaisokota.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekuangusha."

"Hukujua."

"Ni mimi."

"Mama, hukujua. Hata mimi ilinichukua miezi kuizoea. Baba yako alikuwa akinipiga vidole kwa rula."

"Sasa kaka amekiri nini? Amekiri kosa la nani?"

Ndipo Kobe akakiona tena akilini kile kitu kidogo kati ya vidole vya Kiberiti. Mara hii akakitazama vizuri. Akanyoosha mkono, akachomoa uzi mwekundu uliokuwa umenasa kwenye kiwiko cha mkewe.

"Jana ulikuwa unashona kitu chekundu?"

"Sare za kwaya. Kwa nini?"

Kiberiti alikua nyumba moja na mwanamke huyu. Kabla Kobe hajavuta uzi wa kwanza kwenye chai, Kiberiti alikuwa ameshavuta elfu. Aliuona kwenye pengo la nati, akamjua mwenyewe, akaufinyanga usionekane. Kisha akajitwika zomea zomea yote, akaiacha baiskeli ya baba yake, kuliko dada yake anyooshewe kidole na uwanja mzima.

Na mimi nilimshtaki mbele ya watu, Kobe akawaza. Nimelala chini, nina raha zangu, namwita bwana.

Alichoka, jamani. Si bega, si magoti. Alichoka kuwa sahihi. Alikuwa amekuwa sahihi tangu mazishi, kila siku bila likizo, na kuwa sahihi ni kama ile baiskeli: haikuruhusu kuacha kukanyaga.

"Nisaidie viatu," akamwambia mkewe. "Nakwenda kumwambia mwalimu afute. Turudie mkondo. Au amchukue yeye Mama Mkwe, mimi nilale."

"Bado sijamaliza bandeji," nesi akasema.

"Malizia kwa huyu, naye ana mshtuko."

Mkewe hakuinama kuchukua viatu. Alikuwa bado amekaa, futi imemzunguka kiganja mara nyingi kama bandeji ya pili.

"Baba."

"Tutamwomba radhi wote wawili, mama. Twende."

"Baba, ulipoanguka... nilipata hofu. Nikajua baiskeli hizi zinafunguka. Wewe uko huku, kaka yuko ndani anahojiwa na mwalimu, na yake imeegemea ukutani peke yake. Nikasema, siwezi kupoteza wawili siku moja."

Kobe alisimama na kiatu kimoja.

"Umefanya nini?"

"Nikaikaza."

"Kulia?"

"Kulia," mkewe akasema. "Kwa nguvu zangu zote."

*

Mwamuzi alikuwa nje na mpiga picha.

"Aa, mshindi! Simama hapa, shika usukani..."

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Kiberiti, mwalimu! Yuko wapi?"

"Ameshaondoka, na afadhali. Kachukua baiskeli yake kakupa mgongo."

"Kaondoka anaitembeza au kaipanda?"

"Kaipanda. Lini umemwona yule akitembea?"

Uwanja huo, niliwaambia tangu sura ya kwanza, uko juu ya kilima. Kutoka getini barabara inateremka moja kwa moja, kwanza kwa adabu, kisha bila adabu, mpaka kwenye reli ambako malori hupanga foleni. Wageni hushuka wakitembea. Kiberiti hushuka akibana miguu, tangu ujana, kwa kuwaringia wageni.

"Mpigie simu!" mkewe akalia.

Mwamuzi akapiga. Simu ikaita vizuri sana, kwa wimbo mzuri, chini ya benchi walipokuwa wamesimama.

"Gari la wagonjwa?"

"Lipo," mwamuzi akasema. "Dereva ndiye kaenda kula."

Kobe akamtazama Mama Mkwe. Alikuwa amesimama juani, amefutwa, anang'aa, hana aibu hata kidogo. Tairi lilikuwa limerudi. Gia ilikuwa imerudi. Nati ilikuwa mfukoni mwa Kiberiti.

Bila nati ile, baiskeli kwenda inakwenda. Ukikanyaga mbele, gia hujikaza yenyewe. Kusimama ndiyo haisimami.

"Baba, hapana," mkewe akasema, akashika tandiko. "Utasimamaje?"

"Kwani lini nimewahi kushindwa kusimama? Mimi ni Kobe."

Hakuna aliyecheka. Akamwondoa mkewe vidole kwenye tandiko kimoja kimoja, kwa upole, na cha mwisho akakibusu. Kisha mtu aliyeshinda maisha yake yote kwa kusubiri akapita getini akikanyaga kama anayefukuzwa na nyuki, kiatu kimoja mguuni, bandeji ikipepea nyuma kama mkia wa tiara.

Alipokaribia pale barabara inapoacha adabu, akamwona.

Mgongo ule. Angeutambua popote, amejificha nyuma yake miaka mingapi akiuvizia. Kiberiti alikuwa anashuka taratibu, amejikunja, kichwa chini, miguu inazunguka bila haraka. Hakuwa ameibana bado. Alikuwa mzee aliyechoka anayekwenda nyumbani kwake, ameacha kila kitu juu ya kilima.

Chini kabisa, honi ya lori ikalia kwenye reli.

Pedali zilikuwa zinampiga Kobe miguu sasa. Hakuwa anaendesha tena, alikuwa anaendeshwa. Umbali kati yao ukapungua, ukapungua. Kifua kiliwaka. Alikuwa na pumzi ya neno moja, labda mawili, na alitaka kusema usibane, chochote utakachofanya usibane.

Lakini neno lililotangulia mdomoni lilikuwa lingine, lile alilolifungia tangu mazishi.

"Shemeji!"

Mgongo ukashtuka.

Kiberiti alilisikia. Katikati ya upepo wote ule, alilisikia. Na Kobe akaona, kwa macho yake mwenyewe, bega la yule mzee likilegea kidogo kama la mtu aliyetuliwa mzigo, na kichwa kikianza kugeuka.

Lakini mtu wa uwanjani, akitaka kutazama nyuma, kwanza hubana miguu.